Mashine Chumbani kwa Kinda

"Katika nyumba hii nimeshameza vumbi la mbao kuliko mchwa wa mtaa mzima!" mke wa Fundi Herufi alikuwa akisema nilipobisha hodi. "Nikikohoa natoa takataka za randa. Wajukuu wakinikumbatia wanachomwa vibanzi! Nimenyamaza. Sasa na ndugu yangu naye unataka kumzika chini ya vyuma!"

"Nani kasema kuzika, mama?" Fundi alijibu kutoka nyuma ya maboksi. "Nimeomba chumba, sikuomba kaburi."

"Ni kitu kimoja, na wewe unajua."

Hodi yangu haikujibiwa, nikaingia hivyo hivyo. Mimi hutengeneza baiskeli nyumba ya tatu kutoka kwao, na siku hiyo niliitwa kwa sababu nina spana za L za kila ukubwa. Kwa sababu ya akili hakuna anayeniita. Sebule yote ilikuwa imetandazwa vyuma: vipande virefu vya alumini vyenye mifereji, skrubu ndefu kama fimbo za kutembelea, mota nne nyeusi kila moja ukubwa wa ngumi, na vifuko vya nati vidogo vidogo utadhani mbegu za mchicha. Paka alikuwa juu ya televisheni, ndiyo nafasi pekee iliyobaki.

Niwajulishe kwanza. Fundi Herufi kazi yake ni kuchonga majina. Kibao cha daktari, cha mwanasheria, cha duka, cha mlangoni, cha kaburini, vyote vimetoka mkononi mwake. Herufi zake zina kina, ukipitisha kidole kinazama mpaka kwenye ukucha. Lakini miaka miwili hii mikono ilianza kumtetemeka. Alimchongea mshonaji mmoja kibao, ile S ikatoka kama nyoka aliyekanyagwa na lori, na kibao kikarudishwa. Ndipo akaagiza mashine ya kuchonga, ile inayokuja vipande vipande ukaiunga mwenyewe nyumbani. Unachora kwenye kompyuta, inatembea yenyewe juu ya ubao na kisu chake kinachozunguka, mkono wako uko mfukoni. Mikono inayotetemeka ikae wapi tena zaidi ya mfukoni?

Mashine inataka meza ya mita moja kwa mita moja na chumba cha kufungwa mlango. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala. Kimoja chao. Cha pili cha Kinda.

Kinda ni kitinda mimba kwao mke wa Fundi. Mama yao alifariki mtoto hajaachishwa ziwa, dada akamlea, akaolewa naye mgongoni, kama tunavyotania. Alikulia katika nyumba hii. Miaka tisa iliyopita, akiwa kijana wa ndevu tatu, aliondoka na begi moja, akasema kuna kazi kapata mbali kidogo, angerudi baada ya wiki mbili. Hajarudi. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna aliyesema nimemwona mahali fulani. Dada yake hufua mashuka ya kile kitanda kila Jumapili na kuyatandika upya, kisha hufunga mlango na ufunguo anautundika shingoni. Mtaa mzima tunamwita Mama Ufunguo. Kisogoni kwake, si usoni.

Mtaa una maoni yake kuhusu Kinda, lakini hauyasemi. Kuna mtu mmoja aliteleza ulimi akasema "marehemu," akanyang'anywa kikombe cha chai mkononi, tena cha moto. Nakumbuka vizuri kwa sababu mkono ulioungua ni huu wangu. Kwa Mama Ufunguo hesabu ilikuwa rahisi: kitanda kikiwepo, Kinda yuko safarini. Siku kitanda kitakapotolewa, Kinda amekufa, na atakayekuwa amemuua ni yule aliyekitoa. Sasa unaelewa kwa nini kuomba chumba ilikuwa sawa na kuomba kaburi.

"Kitanda hakitoki," Fundi akasema. "Nimekwambia mara kumi. Nataka pale dirishani tu."

"Hakisogei hata unyayo wa sisimizi?"

"Hakisogei."

"Shemeji," mkewe akanigeukia, "wewe ni shahidi."

"Mimi nimekuja na spana tu, shemeji."

"Basi shuhudia na spana zako."

Akavua ufunguo shingoni. Akaingia wa kwanza, akaketi kitandani katikati kabisa, mikono magotini, kama askari wa zamu. Kila siku tuliyofanya kazi mle, aliketi hapo hapo.

Chumba kile kina ubaridi wake. Sisemi mambo ya mashetani, dirisha linatazama ukuta, basi. Lakini ukiona kandambili chini ya kitanda zimeelekezwa nje, tayari kuvaliwa, kioo kidogo cha kunyolea ndevu kwenye msumari, shati limening'inia na vishikizo vyote vimefungwa, unajikuta unaongea kwa sauti ya hospitalini. Mimi nilimwomba Fundi "nipe ile spana ya nne" kwa mnong'ono, akaniuliza nimekabwa na nini.

Siku ya kwanza tulifunga fremu. Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira: unaingiza nati kwenye mfereji wa alumini, unakaza nusu, unapima kwa tepu kona hadi kona, halafu kona ile nyingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, fungua, omba Mungu, anza tena. Kitabu cha maelekezo kilitafsiriwa na kompyuta huko huko kiwandani, na nahisi kompyuta yenyewe ilikuwa na homa. "Kaza bolti kwa upendo wa wastani." Fundi, mtu ambaye hajawahi kusoma maelekezo hata ya dawa, alilazimika kukisoma kwa sauti, maana nati zilikuwa za aina sita zinazofanana kama mapacha.

"Sasa funga daraja," akasoma. Daraja ni ile sehemu inayovuka juu ya meza na kubeba kisu, inakwenda mbele na kurudi nyuma.

"Upendo wa wastani au mkubwa?" nikauliza.

"Kaza, usinichoshe."

Mama Ufunguo hakucheka. Alikuwa anatazama meza ikikua kando ya mto wa Kinda.

Siku ya pili tuliunga nyaya, mota hadi kwenye kadi ya umeme, ile sahani ndogo inayoziamrisha. Tulipomaliza Fundi akataka kujua kama daraja linateleza vizuri, akalisukuma kwa kiganja. Taa ndogo ya buluu kwenye kadi ikakonyeza.

"Umeme mmewasha saa ngapi?" mke wake akauliza.

Nikainama, nikaokota plagi sakafuni, nikamwonyesha. Mkia mtupu. Fundi akasukuma tena. Taa ikakonyeza tena, mara mbili.

"Ni mota hiyo, mama. Ukiizungusha kwa mkono inazalisha umeme kidogo. Muulize huyu wa baiskeli."

Na ni kweli, ni dainamo ile ile ya taa ya baiskeli, nimefunga mamia. Lakini kujua kitu na nywele kutokusimama ni mambo mawili tofauti.

Mama Ufunguo alikuwa ameinuka, ameegemea meza, uso karibu na ile taa.

"Mguse tena," akasema.

Hakusema "iguse." Mimi na Fundi tukatazamana. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Siku ya tatu tuliichomeka. Kompyuta ikakaa juu ya kiti cha Kinda, na kitabu kikasema kabla ya yote mashine ipelekwe kwenye kona yake ya kuanzia. Fundi alikuwa anasoma mbio bila kufikiri, kama mtoto anayekariri.

"Bonyeza kitufe cha nyumba, umrudishe nyumbani."

Alipofika mwisho wa sentensi akatamani kuimeza. Lakini kidole kilishabonyeza. Daraja likaanza kutembea lenyewe, taratibu, mpaka kona iliyo karibu na mto. Likagusa, tik. Likarudi nyuma kidogo, kama mtu asiye na hakika na mlango. Likagusa tena. Likatulia.

"Basi hata chuma kinajua njia," Mama Ufunguo akasema, akatoka kwenda kuchemsha chai.

Akiwa hayupo, tukaijaribu kwenda mshazari. Mota zile zikienda mbili kwa pamoja zinaimba. Huo ndio ubaya wake. Sauti moja inapanda, nyingine inashuka, nyembamba, kama mluzi. Tulisikia sufuria ikianguka jikoni, kisha miguu inakimbia. Akasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Nani kapiga mluzi?"

"Mota, mama."

"Alikuwa akifika pale kona anapiga hivyo hivyo, nijue nipakue." Akanigeukia. "Shemeji, wewe ulikuwa unamsikia. Sema."

Nilikuwa namsikia, kweli. Ulikuwa mluzi wa kawaida, vijana wote wanapiga. Nikasema, "Unafanana, shemeji." Sikuwa na ujasiri wa kusema vingine, na huo ulikuwa ujinga wangu, kwa sababu chai ilipokuja, sinia lilikuwa na vikombe vinne. Tulikuwa watu watatu. Aliweka cha nne kwenye pembe ya meza ya mashine, akakitia sukari vijiko vitatu, akakoroga. Fundi alikitazama kile kikombe mara moja tu. Chake mwenyewe hakukinywa. Alitoka nje, akasimama uani akitazama ukuta mpaka chai zote zikapoa.

Nilidhani anamhurumia mkewe. Pengine ndivyo.

Sasa tufike kwenye ubao. Mashine ya namna hii inahitaji ubao wa chini, wa kudumu, ambao kazi yako inalala juu yake ili kisu kikipita kisikwaruze chuma. Kitabu kiliuita "ubao wa kafara," na Mama Ufunguo aliposikia akauliza nani anatolewa. Ule uliokuja na mashine ulikuwa umevunjika njiani, kona nzima imetafunwa. Nikamwambia Fundi niendeshe baiskeli mpaka kwa wauza mbao.

"Mbao zao mbichi, zitapinda kabla ya wiki," akasema. "Ninao mmoja stoo. Umekauka kama mfupa."

Akaenda mwenyewe. Akarudi nao kwenye gunia, nikataka kumsaidia kubeba, akanisukuma kwa kiwiko. Akaulaza mezani huku gunia likiwa bado chini yake, kisha akalivuta gunia taratibu, kama unavyovuta shuka chini ya mgonjwa. Upande wa juu ulikuwa laini kabisa. Akaufunga kwa skrubu kumi na nane. Nikamwambia sita zinatosha.

"Wewe funga baiskeli zako."

Siku ya nne, saa tisa mchana, jua lote limejaa mtaani na mle ndani kivuli tu, tukawa tayari kwa kazi yake ya kwanza. Si kuchonga, bado. Unapofunga ubao mpya, mashine huusawazisha yenyewe kwanza: inapita juu yake mistari na mistari, inakwangua nusu milimita, inarudia, mara nne, mpaka ubao na daraja viwe sambamba. Programu ilikuja tayari. Fundi akavaa miwani, akabonyeza. Kisu kikalia. Vumbi likapanda, jeupe, laini, likaanza kutua juu ya kitanda, na Mama Ufunguo akaketi ndani yake bila kupangusa hata nyusi.

Mara ya kwanza ilipita. Nikaona takataka ni nyingi kwa nusu milimita, lakini mimi ni wa baiskeli. Mara ya pili. Ubao ulikuwa umefunikwa vumbi huwezi kuona kitu. Mara ya tatu, katikati, sauti ikabadilika. Ubao mzima ukikatwa huguna. Ubao wenye uwazi chini yake hulia kama ngoma. Mimi nilisikia kelele tu. Fundi, miaka thelathini anasikiliza mbao, akainua kichwa.

"Zima," akasema. Kwa kelele ile sikumsikia, nilimsoma mdomo.

Kitufe chekundu kilikuwa upande wangu, nami nikaanza kukitafuta kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Mashine ikaanza mara ya nne. Na nyuma ya kisu, kwenye ubao mweupe uliofagiliwa na upepo wa mota, ikatokea mistari. Myeusi, myembamba kama nywele. Mmoja wima. Mwingine umepinda. Mwingine. Daraja lilikwenda kulia, likarudi kushoto, na kila lilipopita mistari ilizidi kuwa mipana na kuungana.

Tuliiambia isawazishe. Hatukuiambia iandike. Na ilikuwa inaandika.

Sikutafuta kitufe tena. Nilivuta waya, plagi ikaruka kutoka ukutani, kisu kikapunguza mlio, kikafa. Taa ya buluu ikakonyeza mara moja, ikazimika.

Nikueleze hapa hapa jinsi ilivyowezekana, nisije nikaambiwa nauza hirizi. Programu ile ilikuwa ya mashine yenye skrubu ya aina nyingine pale kisu kinapopanda na kushuka. Kila ilipoambiwa shuka nusu milimita, yetu ilishuka mbili. Tulikata mara nne ya tulichodhani. Ubao ukawa mwembamba mpaka kisu kikakutana na kilichokuwa kimechongwa upande wa chini, na kama nilivyosema, herufi za Fundi zina kina. Zilikuja zimegeuka, mwisho mwanzo, kwa sababu tulikuwa tunaziona kwa mgongo. Hayo nilikuja kuyahesabu siku tatu baadaye.

Mama Ufunguo alisimama. Akapangusa vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa, taratibu, kama anavyopangusa kabati. Mke wa mchonga vibao huzoea herufi za kinyume, maana Fundi huchora kwenye karatasi na kuigeuza. Hakuuliza ni nini. Alitoa kile kioo cha kunyolea kwenye msumari, akakisimamisha ukingoni mwa ubao.

Ndani ya kioo jina lilisimama sawasawa. Jina kamili la Kinda, lile la shuleni, ambalo hakuna aliyemwita nalo mtaani. Chini yake tarehe mbili.

Ya kwanza akaisoma haraka. "Siku hii anazaliwa, nilimpokea mimi mwenyewe." Ya pili akaisoma namba moja moja. Siku. Mwezi. Mwaka. Akainua macho, midomo inahesabu.

"Siku sita," akasema. "Aliondoka hapa Jumatatu, hii ni Jumapili. Siku sita."

Fundi alikuwa amevua miwani. Vumbi lilikuwa limemtia mvi mpaka kwenye kope.

"Kibao hiki umekichonga wewe?"

"Mkono ni wangu," Fundi akasema.

"Zamani?"

"Zamani."

"Nami nafua mashuka."

Nikajitia kati, mdomo wangu haujawahi kujua zamu yake. "Shemeji, mafundi huwa wanaandaa mapema, pengine alikisia tu..."

"Nyamaza, shemeji. Huyu hakisii."

Na ni kweli, mtaa mzima unajua. Jina unaweza kumletea umeandika kwenye pakiti ya sigara, atachonga. Tarehe ya kaburini hapana. Nimeona kwa macho yangu anamrudisha mtu aliyemwambia aweke tarehe yoyote ya wiki ile, baba yao alikutwa tu amekufa shambani. Alimwambia: nenda kamtafute aliyekuwepo, mimi siandiki siku ya kubahatisha. Mtu alirudi baada ya mwezi, na shahidi. Katika miaka thelathini hakuna tarehe iliyoingia katika ubao wa Fundi Herufi bila mtu kuja na kuitamka kwa kinywa chake.

Mama Ufunguo akarudi kukaa kitandani. Kioo kilibaki pale ubaoni, kimeegemea daraja, na jina ndani yake. Hakulia wala hakupandisha sauti, na mimi ningetoa baiskeli zangu zote arudie yale matusi ya mchwa na mbao.

"Baba," akamwita mumewe. "Sikuulizi kwa nini hukuniambia. Nakuuliza kimoja tu. Nani alikuja na hii tarehe?"

Fundi alitazama mashine. Akanyoosha mkono, akalegeza skrubu moja kwenye kona ya ubao, akaikaza tena.

"Alikuja hapa nyumbani? Alikaa kwenye kiti gani? Nilimpa chai?"

Fundi akapangusa miwani kwa shati, shati lenyewe limejaa vumbi, akazidi kuichafua. Akaivaa. Akanipita bila kunitazama, akaruka maboksi pale sebuleni, tukasikia anatafuta viatu mlangoni, kimoja, kisha cha pili.

"Alikuwa naye?" mkewe akauliza, sauti ile ile, bila kugeuza shingo. "Huyo mtu, alikuwa naye mpaka mwisho?"

Mlango wa nje ukafunguka. Niliukimbilia, nikamwona anafika barabarani, mgongo wote mweupe kwa vumbi la ule ubao, akavuka bila kutazama kushoto wala kulia, akapita duka la rangi, akakata kona.